Shangazi, krimu ya chunusi inaniunguza uso: niendelee au niache?

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka 16 na nimekuwa na chunusi usoni kwa takribani miaka miwili. Zilianza kwenye paji la uso kama vipele vidogo vyenye ncha nyeusi, kisha zikashuka mashavuni na kidevuni, na sasa baadhi yake ni manundu yanayouma hata nikilaza shavu kwenye mto. Zikipona huacha madoa meusi ambayo yananikera kuliko chunusi zenyewe, kwa sababu chunusi hudumu siku chache lakini doa hukaa miezi.

Hatimaye mama alikubali kunipeleka kwa daktari. Daktari alinitazama kwa muda mfupi, akaniandikia krimu ya tretinoini ya asilimia 0.05 nipake usiku na jeli ya benzoili peroksidi ya asilimia 5 nipake asubuhi. Hakuniuliza kama ngozi yangu ina tatizo lolote, nami sikusema. Ukweli ni kwamba nilipokuwa mdogo nilisumbuliwa sana na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mpaka leo sabuni yenye manukato hunitoa vipele na losheni nyingi huniwasha.

Nilianza kupaka dawa zote mbili siku moja. Ile ya usiku nilikuwa naipaka mara tu baada ya kunawa, uso mzima, kwa wingi mpaka uso unakuwa mweupe. Mwanzoni sikuhisi kitu. Kabla ya wiki kuisha ngozi ilianza kukaza, ikababuka kandokando ya pua na kwenye pembe za mdomo, na sasa hata maji ya kawaida yananichoma. Chunusi nazo zinaonekana kuongezeka. Nimeacha dawa zote bila kumwambia mtu.

Rafiki yangu anasema kubabuka ni dalili kwamba dawa inafanya kazi, kwa hiyo nivumilie. Mama anasema chunusi ni mambo ya ujana, zitaondoka zenyewe, na dawa hizi zitaniharibu uso. Mimi nimesoma mahali kwamba tretinoini huifanya ngozi kuwa nyembamba daima. Naogopa kuendelea, naogopa kuacha, na naogopa zaidi kurudi kwa daktari kumwambia kwamba nimeacha dawa yake.

Kuna jambo jingine ambalo nilishindwa kuliuliza mbele ya mama. Karatasi iliyo ndani ya boksi inasema dawa isitumiwe na mjamzito. Je, maana yake ni kwamba inaweza kuniharibia kizazi hapo baadaye? Na binamu yangu, ambaye ameolewa hivi karibuni, ananiomba nimgawie krimu hiyo aondoe madoa yake. Nimpe?

Mwenye Uso Unaowaka

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nilifanya kazi ya ufamasia kwa miaka mingi kabla ya kuandika safu hii, na barua yako nimeisoma kwanza kwa jicho la mfamasia. Nitatoa jibu mapema, kwa kuwa anayeungua hana haja na utangulizi mrefu. Ulifanya vyema kusimamisha dawa ngozi ilipofikia hatua ya kuchomwa na maji, ila hukufanya vyema kulificha jambo hilo. Ngozi nyeti si sababu ya kuikataa tretinoini moja kwa moja. Ni sababu ya kuianza kwa mwendo mwingine kabisa, au ya kupewa dawa nyingine iliyo pole zaidi, na uamuzi huo ataufanya daktari akishajua habari ya ukurutu wako, ambayo hadi sasa hana.

Kwa siku hizi ambazo uso bado unawaka, usipake dawa yoyote ya chunusi. Nawa mara mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji isiyo na manukato, tumia viganja tu bila kitambaa wala dodoki, kisha jikaushe kwa kugusisha taulo bila kusugua. Ngozi ikiwa bado na unyevunyevu, paka krimu ya kulainisha isiyo na manukato. Zile zenye gliserini au seramidi huwafaa watu wengi wenye historia ya ukurutu. Pembe za pua na za mdomo zilizobabuka unaweza kuzifunika kwa petroli jeli kidogo. Usiibandue ngozi inayochanika, na ujiepushe na limau, dawa ya meno, spiriti na vitu vyote ambavyo watu hushauriana kukaushia chunusi, maana uso wako hauhitaji kukaushwa zaidi. Wekundu na kuwaka vikipungua, na maji yasipochoma tena, hapo ngozi itakuwa tayari kuzungumziwa upya.

Nina onyo moja linalokuhusu wewe hasa. Kwa kuwa uliwahi kuugua ukurutu, huenda nyumbani kwenu imebaki tyubu ya krimu ya steroidi, na mtu anaweza kukushauri kwa nia njema kabisa uipake usoni ili kupoza wekundu. Usiipake bila kauli ya daktari. Steroidi ikipakwa usoni kwa muda huweza yenyewe kuleta chunusi, na hiyo ndiyo dawa inayojulikana kwa kuifanya ngozi kuwa nyembamba.

Nadhani sifa hiyo ya steroidi imehamishiwa kwenye tretinoini kimakosa, na ndiyo iliyokutia hofu. Tretinoini ni jamaa ya vitamini A, na imekuwa ikitumiwa kutibu chunusi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo si dawa ngeni ambayo madhara yake bado yanasubiriwa kugunduliwa. Chunusi huanza pale tundu la unywele linapozibwa na seli zilizokufa zilizogandamana na mafuta. Wakati wa kubalehe homoni huzichochea tezi za mafuta kufanya kazi zaidi, na bakteria ambao kwa kawaida huishi humo huongezeka na kuamsha uvimbe. Tretinoini huzizuia seli hizo zisigandamane na huharakisha kupukutika kwake, na kwa sababu hiyo huzuia chunusi mpya zisijengeke badala ya kukausha tu zile zilizokwisha kutoka. Katika wiki za mwanzo tabaka la juu kabisa la ngozi, ambalo ni la seli zilizokufa, hupungua unene na kushindwa kushika maji vizuri, ndipo hutokea ukavu, wekundu na kubabuka. Tabaka hai lililo chini yake halidhoofiki; kwa matumizi ya muda mrefu huelekea kuwa nene kuliko lilivyokuwa.

Kwa mtu mwenye asili ya ukurutu, tabaka lile la juu huwa na udhaifu tangu awali: hupoteza maji kwa urahisi na huruhusu viwasho kupenya kwa urahisi. Kinachomletea mwenzako ukavu kidogo, kwako huwa moto. Udhaifu huo usiuone kuwa kosa lako, wala si dalili kwamba dawa imekukataa. Ni taarifa tu, lakini ni taarifa iliyopaswa kuwa mezani siku dawa inaandikwa, na kwa maoni yangu mwenye wajibu mkubwa wa kuiuliza alikuwa daktari.

Tuje kwenye namna ulivyopaka, kwa maana naona tatizo kubwa liko huko kuliko kwenye dawa yenyewe. Kiasi cha tretinoini kinachotosha uso mzima ni punje moja ya njegere. Uso ukiwa mweupe kwa krimu, umepaka mara kadhaa ya kipimo, na ziada hiyo haiongezi tiba hata kidogo. Inaongeza muwasho tu. Kiasi hicho kidogo hugawanywa kwa nukta kwenye paji, mashavu na kidevu, kisha husambazwa kwa wepesi juu ya eneo lote linalotoa chunusi, si juu ya kipele kimoja kimoja, huku macho, pembe za pua na midomo vikiachwa. Sehemu hizo unaweza kuzikinga mapema kwa petroli jeli, maana krimu husogea mtu akiwa amelala.

Ulikuwa unapaka mara tu baada ya kunawa, na ngozi yenye majimaji hupokea dawa kwa ukali zaidi. Subiri dakika 20 hadi 30 baada ya kunawa, ngozi ikauke kabisa. Kwa ngozi kama yako ningependekeza jambo la ziada, nalo ni kutanguliza krimu ya kulainisha, kupaka tretinoini juu yake, na kumalizia kwa krimu ileile ya kulainisha. Wapo watakaokuambia kwamba unaidhoofisha dawa, na huenda kweli nguvu yake ikapungua kidogo, lakini dawa ya pole unayoweza kukaa nayo miezi mitatu ina faida kuliko kali uliyoitupa kabla ya wiki kuisha.

Hakuna sheria inayomlazimu kila mtu kuanza kwa kupaka kila usiku. Daktari akikubali urudi kwenye tretinoini, mwombe uanze na usiku miwili kwa wiki isiyofuatana, ukae hapo wiki mbili au tatu, kisha uende kwa kupaka usiku mmoja na kuruka unaofuata, na kila usiku pale tu ngozi inapokubali. Wapo wenye ngozi nyeti wanaoishia kwenye usiku tatu kwa wiki na uso wao ukatulia vizuri. Siku ambayo ngozi inauma, ruka usiku huo bila kujilaumu, wala usipake mara mbili kesho yake ili kufidia.

Kuanza dawa mbili siku moja nako kulikuponza, kwa sababu sasa huwezi kujua ni ipi iliyokuunguza. Zianze moja baada ya nyingine, na ya pili ingie pale ya kwanza inapozoeleka. Kuhusu benzoili peroksidi, utafiti umeonyesha kwamba ile ya asilimia 2.5 hupunguza chunusi karibu sawa na ya asilimia 10, ila huwasha kwa kiasi kidogo kuliko hiyo, yaani mzigo wa muwasho hushuka na faida hubaki. Ulikuwa sahihi kuitumia asubuhi na tretinoini usiku. Aina nyingi za tretinoini huharibiwa na mwanga, na benzoili peroksidi inaweza kuzivunja zikichanganywa. Jihadhari tu kwamba benzoili peroksidi hupausha taulo, foronya na kola za nguo.

Mchana paka krimu ya kukinga jua yenye kipimo cha SPF 30 au zaidi. Zile zenye zinki oksidi huvumiliwa vizuri na ngozi nyingi nyeti. Jambo hili watu hulipuuza, lakini kwako lina uzito maradufu, kwa kuwa tretinoini huifanya ngozi iungue upesi kwa jua, na jua hilohilo huyafanya madoa yako yazidi kuwa meusi.

Hayo madoa ndiyo sababu ninayoipinga kauli ya rafiki yako kwamba uvumilie. Kubabuka si kipimo cha kazi ya dawa. Wapo wanaopona chunusi bila kubabuka hata mara moja. Ni kweli kwamba wengine huona chunusi zikiongezeka katika wiki za mwanzo na kisha kupungua, na hilo peke yake halipaswi kukutisha. Lakini muwasho mkali ni uvimbe kama uvimbe mwingine wowote, na katika ngozi inayoshika madoa kwa urahisi, kila uvimbe huweza kuacha doa. Ukivumilia moto kwa ajili ya kuondoa madoa, unaweza kujiongezea yaleyale unayoyakimbia.

Lazima pia ujue kutofautisha muwasho na mzio. Muwasho hukaa pale ulipopaka, huja na ukavu, kukaza na kuchoma, na hupungua unapopumzisha dawa. Mzio huja na uvimbe wa kope, midomo au uso, vipele vya kuwasha vinavyoenea hata mahali ambapo hukupaka, au malengelenge. Ukiona hayo, acha dawa na umwone daktari siku hiyohiyo. Koo likibana, pumzi ikiwa ngumu au ukihisi kuzimia, nenda hospitali mara moja bila kusubiri miadi. Mzio wa namna hiyo ni nadra, lakini upo: mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu bidhaa za chunusi zinazouzwa bila cheti cha daktari zenye benzoili peroksidi au asidi salisiliki, na ikashauri mtu anayeanza apake kidogo kwenye eneo dogo kwa siku tatu kabla ya kupaka uso mzima. Wewe ufanye hivyo kwa kila dawa mpya, ukianzia chini ya taya karibu na sikio.

Mama yako ana haki kwa upande mmoja. Chunusi za vijana wengi hupungua wanapoingia utu uzima. Anachokisahau ni kwamba manundu yenye maumivu uliyoyaeleza yanaweza kuacha makovu, na makovu hayana ada ya kuondoka na umri. Doa lililo bapa hufifia, ingawa polepole, lakini shimo kwenye ngozi hubaki. Mweleze hivyo kwa upole, na umwonyeshe barua hii ukipenda, kwa sababu hofu yake ya kuharibika kwa uso wako ni hofu ileile uliyo nayo wewe, na nyote wawili mnatafuta kitu kimoja.

Sasa nijibu swali ulilolificha, ambalo ni la busara na hukupaswa kulionea aibu. Tretinoini ya kupaka haiharibu kizazi. Onyo lililo kwenye karatasi linamhusu mtoto aliye tumboni wakati dawa inatumiwa, wala halihusu uwezo wako wa kupata watoto miaka ijayo. Kiasi kinachopita kwenye ngozi na kuingia mwilini ni kidogo sana, ila kwa kuwa dawa za jamii ya vitamini A zikimezwa zinaweza kumdhuru vibaya mtoto tumboni, wajawazito huambiwa wasitumie hata ya kupaka, kwa tahadhari. Ipo ndugu yake ya vidonge iitwayo isotretinoini, ambayo hutolewa kwa chunusi kali, na hiyo ndiyo yenye masharti mazito: anayeweza kushika mimba hupimwa ujauzito na hutakiwa kujikinga kabla ya kuianza, wakati wote anapoimeza na kwa mwezi mmoja baada ya kuiacha. Ukija kushauriwa vidonge hivyo siku moja, una haki ya kuomba dakika chache za kuzungumza na daktari peke yako.

Kwa hiyo binamu yako usimpe. Ameolewa karibuni, na anaweza kuwa mjamzito kabla hajajua. Mwambie dawa hiyo imeandikwa kwa jina lako, na kwamba kwa madoa yake akamuulize daktari au mfamasia kuhusu asidi azelaiki, ambayo hutumika kwa chunusi na madoa na inahesabiwa kuwa salama hata kwa mjamzito.

Asidi hiyo hiyo, ya asilimia 15 au 20, iwe miongoni mwa mambo utakayomuuliza daktari wako, ingawa nayo huweza kuchonyota mwanzoni. Kuna pia tretinoini ya asilimia 0.025, ambayo ni nusu ya nguvu uliyopewa, na adapaleni ya asilimia 0.1, ambayo ni jamaa ya tretinoini lakini kwa kawaida huwasha kidogo. Nikiwa katika nafasi yako ningeiulizia adapaleni kwanza. Mwonyeshe pia yale manundu, kwa sababu yakiwa mengi krimu peke yake huenda zisitoshe, na anaweza kuongeza dawa ya kumeza kwa miezi michache. Dawa yoyote mtakayokubaliana ipewe wiki 12 kabla ya kuhukumiwa. Piga picha ya uso mara moja kwa mwezi kwenye mwanga uleule, kwa sababu kioo cha kila asubuhi hakionyeshi mabadiliko ya polepole.

Daktari hatakugombeza. Wagonjwa wanaoacha dawa za chunusi kwa sababu ya muwasho ni jambo analolikuta mara kwa mara katika kazi yake, na ni afadhali kwake kulisikia kutoka kwako kuliko kudhani miezi mitatu kwamba dawa imeshindwa. Andika maneno yako kwenye karatasi usije ukayasahau, nawe unaweza kuyachukua haya kama yalivyo: "Daktari, nilipokuwa mtoto niliugua ukurutu, na bado sabuni zenye manukato hunidhuru. Nilipaka dawa zote mbili kila siku, ile ya usiku kwa wingi na juu ya ngozi mbichi, uso ukababuka na kuchomwa hata na maji, nikaacha. Naomba tuanze upya polepole, au unibadilishie dawa." Ukiweza, nenda na dawa zote unazopaka usoni, pamoja na sabuni na losheni, azione mwenyewe.